Kete Inapolala

Anayetoka Dar es Salaam huipita Kingolwira macho yake yakiwa kwenye milima ya Uluguru na mawazo yakiwa Morogoro mjini. Lakini akishuka hapo, huenda chini ya mwembe akawakuta wanaume wameinamia bao, watazamaji wakipiga kelele kuliko wachezaji. Mtu akiuita mchezo huu wa kupotezea muda, naumia. Bao ni ufundi, na mtu huupanda ngazi kwa ngazi.

Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo kuu liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingizwa ubaoni moja moja. Anayejifunza hutazama kula tu. Akiwa na njia mbili, huchagua yenye kete nyingi, kisha hushangaa mwenzake anapomrudia na kumzolea safu ya mbele. Na safu ya mbele ikikauka umefungwa, hata kama nyuma kete zimejaa tele.

Ufundi uko katika kuona. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, safari haijaisha: utakula za mpinzani au utazoa zilizomo uendelee kusambaza, mpaka uishie kwenye shimo tupu. Hapo ndipo unapolala. Fundi hupaona mahali hapo kabla hajagusa kete, ingawa njiani mashimo yatakuwa yamebadilika karibu yote. Alexander de Voogt, Mholanzi aliyekaa na mafundi wa Zanzibar, aliiandikia akili hiyo kitabu kizima mwaka 1995. Hakuzidisha.

Mtihani mkubwa kwangu ni nyumba. Wakati wa kunamua, ukila na kete ya mwisho ikafika nyumbani, una hiari ya kulala au kusafiri, yaani kuzoa zilizomo na kuendelea. Mgeni husafiri mapema, maana nyumba iliyonona inatamanisha. Mkongwe huilea. Lakini ukiilea kupita kiasi, mpinzani ataila yote mara moja, nawe utabaki unatazama. Sijasikia kanuni inayotosha kufundisha saa ya kuivunja. Hujulikana kwa kucheza na wanaokuzidi.

Mchezaji wa sataranji ana msaada mmoja: mashindanoni huandika kila hatua, akifungwa akaisome nyumbani. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, alikua katika mchezo wenye desturi hiyo, na mwaka 2012 akapata cheo cha kimataifa. Vijiweni kwetu bao haliandikwi, kwa hiyo kumbukumbu hubeba kazi yote. Ndiyo maana anayefungwa na kuinuka kwa hasira hajifunzi kitu. Anayekua huzirudisha kete pale mambo yalipoharibika, akajaribu njia nyingine, tena mbele ya yule yule aliyemfunga. Huo ndio ujasiri ninaouheshimu kuliko ushindi.

Basi vijana wa Kingolwira mnaosimama kutazama, kaeni chini. Msichague mnayemweza; mwombeni mzee anayewafunga kila siku, na akishawafunga, mwambieni: mzee, turudishe kete pale ulipoanza kunila.