Hongereni, Wasiribaji wa Usukuma

Kiangazi kikifika na mavuno yakiwa ghalani, akina mama wengi wa Magu, Misungwi na Kwimba huigeukia kazi isiyo na mshahara: kusiriba upya nyumba kongwe za familia. Wanastahili pongezi za wazi.

Kazi hii ina ujuzi wake. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa sababu hushikana vizuri. Huchanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, ambayo mabaki yake ya nyasi husaidia ukuta usipasuke unapokauka. Kiganja hulainisha, kisha hufuata urembo wa majivu na udongo wa rangi. Yote hayo hufanyika kati ya kuchota maji, kupika na kumpeleka mtoto kliniki.

Kusiriba huko ni kinga pia. Papasi hujificha kwenye nyufa za kuta na sakafu za udongo, na usiku hutoka kuuma na kuambukiza homa. Mwaka 1905 daktari Joseph Dutton alifariki Kasongo, mashariki mwa Kongo, kwa homa hiyohiyo aliyokuwa akiichunguza. Kwa hiyo mama anayeziba ufa anawalinda wote wanaolala ndani.

Shukrani ya kweli ni kumsaidia. Akina baba na vijana wabebe maji na kukanda udongo, naye apumzishe mgongo. Hongereni sana, mama zetu. Ustadi wenu ni elimu, na mabinti na wavulana wote wafundishwe.