Heko kwa Wazibua Mitaro

Nawapongeza vibarua na wakaguzi wa barabara za changarawe za Migori na Homa Bay. Tangu 1974, Kenya ilipoanza mpango wa barabara za mashambani zilizojengwa kwa jembe, sepetu na toroli, adui mkuu amekuwa maji. Mkaguzi stadi haanzi na mashimo. Hutazama kama mgongo wa barabara bado umeinuka katikati, kisha mitaro, kisha kalvati. Mgongo ukibonyea, maji hutuama, na udongo mweusi wa bonde la Lambwe hugeuka tope linalomeza magurudumu. Kuzibua mtaro kabla ya masika ni nafuu mno kuliko kumwaga changarawe upya. Miwa ya Awendo hufika kiwandani kwa jasho la vibarua na wakaguzi hawa. Basi walipwe kwa wakati.