Picha Nzuri Ni Ipi? Eksirei, Altrasaundi, CT na MRI Mbele ya Jicho Lililozoea

Mpe daktari wa radiolojia eksirei ya kifua, kisha mtazame macho. Hayakimbilii mapafu. Yanaanzia pembeni mwa picha, kwenye jina la mgonjwa, tarehe, na ile herufi ndogo ya risasi, L au R, inayoonyesha upande. Wapo watu wachache waliozaliwa moyo ukiwa kulia, na bila herufi ile hakuna ajuaye kama moyo ndio uliokaa kulia au picha ndiyo iliyogeuzwa. Kisha anahesabu mbavu. Akipata mbavu 9 au 10 za nyuma juu ya kiwambo, anajua mgonjwa alivuta pumzi ya kutosha. Akipata 7, anaanza kuitilia shaka picha: mapafu hayakujaa hewa, mishipa ya chini imesongamana, moyo umetanda kuliko ulivyo, na mwenye haraka anaweza kuandika nimonia ambayo haipo.

Mpaka hapo ugonjwa wenyewe haujaguswa. Mjuzi wa picha hukagua kwanza namna ilivyopigwa, ndipo aseme kilichomo, na tabia hiyo inafaa kwa vipimo vyote vinne vinavyotumika sana kuchungulia kifua, tumbo na nyonga. Wengi wetu hupima ubora kwa bei: MRI ni ghali, basi MRI ndiyo bora, eksirei ni rahisi, basi eksirei ni duni. Huo ni mpangilio wa dirisha la malipo. Ndani ya chumba cha kusomea picha huulizwa kwanza daktari aliyemtuma mgonjwa alitaka kujua nini.

Eksirei ndiyo kongwe. Wilhelm Conrad Röntgen aliigundua mionzi hiyo mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 8, 1895, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshapiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete yake. Kanuni ni ileile hadi leo: kinachozuia mionzi hutokea cheupe, kinachoipitisha hutokea cheusi. Kifua kina hewa, damu na mfupa, vitu vitatu vinavyotofautiana mno mbele ya mionzi, ndiyo maana eksirei na kifua vimepatana tangu zamani.

Ubora wa picha hiyo hutengenezwa kwa maneno na mikono. Mgonjwa husimama amekikumbatia kibao cha kunasa picha, kifua kimegusana nacho, mashine ikiwa nyuma yake umbali wa sentimita 180. "Kidevu juu. Mabega sukuma mbele. Vuta pumzi... bana, usipumue." Mabega yakisukumwa mbele, makombe ya mabega huondoka juu ya mapafu. Mgonjwa akijipinda kidogo tu, mitulinga itamsema: ncha zake za ndani zinatakiwa ziwe mbali sawasawa na mstari wa katikati ya uti wa mgongo. Umbali mrefu nao huzuia moyo usikuzwe. Katika picha iliyopigwa hivyo, moyo wa mtu mzima haupaswi kuzidi nusu ya upana wa kifua. Mahututi aliyepigwa kitandani, mionzi ikimwingia kwa mbele, moyo wake huonekana mkubwa kuliko ulivyo, na ripoti inayosema "moyo umepanuka" bila kutaja alivyolazwa haistahili kuaminiwa haraka. Pingili za uti wa mgongo nyuma ya moyo zinatakiwa zionekane kwa mbali tu. Mashine za kidijitali siku hizi hurekebisha mwangaza zenyewe, kwa hiyo upungufu wa mionzi hujionyesha kwa chembechembe, picha ikawa kama imemwagiwa mchanga.

Katika himaya yake, eksirei haina mpinzani. Hutafuta kifua kikuu katika umati wa watu kwa gharama ndogo, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha programu za kompyuta zisome eksirei hizo kwa watu wa miaka 15 na kuendelea, mahali ambapo wasomaji ni wachache. Mtu aliyetoboka utumbo kwa homa ya matumbo akipigwa picha amesimama, hewa iliyovuja huonekana chini ya kiwambo, utepe mweusi mwembamba ambao daktari wa upasuaji hahitaji zaidi ya huo ili aite chumba cha upasuaji. Lakini iulize eksirei kuhusu mawe ya nyongo na itakuangusha: ni kama 10 hadi 20 tu kati ya kila mawe 100 yenye madini ya kutosha kuonekana. Saratani changa ya mapafu nayo huipita. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011, wenye watu zaidi ya 53,000 waliovuta au kuwahi kuvuta sigara sana, ulionyesha kwamba waliochunguzwa kwa CT ya mionzi midogo walikufa kwa saratani ya mapafu pungufu kwa asilimia 20 kuliko waliochunguzwa kwa eksirei.

Altrasaundi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayotegemea ufundi kuliko zote. Mwaka 1955 Ian Donald, profesa wa uzazi wa Glasgow, Uskoti, alichukua vivimbe vilivyokatwa kwa wagonjwa wake akavipeleka kwenye kiwanda cha boila mjini Renfrew, ambako mawimbi ya sauti yalitumika kutafuta nyufa kwenye chuma. Alibeba na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mawimbi yakatofautisha uvimbe wenye maji na uvimbe mgumu. Katika makala yake ya 1958, aliyoiandika na John MacVicar na Tom Brown, yumo mwanamke aliyedhaniwa ana saratani ya tumbo isiyotibika. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe wa maji wa ovari, ukatolewa.

Kutofautisha maji na nyama ndiko kunakobaki kipaji cha altrasaundi, na Afrika Mashariki inakijua vizuri. Katika miaka ya 1980 watafiti walizunguka na mashine za kubebeka miongoni mwa wafugaji wa Turkana, Kenya, wakitafuta vivimbe vya ini vinavyoletwa na minyoo ya mbwa. Visiwani Unguja na Pemba, kama popote penye kichocho cha mkojo, mawimbi hayo huonyesha ukuta wa kibofu ulionenepa na figo zilizojaa mkojo usio na njia. Hakuna mionzi, hakuna sindano. Mashine inaingia kwenye begi.

Sasa namna ya kuihukumu. Altrasaundi nzuri huonekana kabla ya picha: mgonjwa aliyeambiwa asile kwa saa 6 hadi 8 ili kifuko cha nyongo kijae, na aliyekunywa maji akabana mkojo kama kinachotafutwa ni kizazi au tezi dume. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando na kuwa dirisha la sauti kuingilia nyonga. Mpimaji hodari hamwachi mgonjwa alale chali mwanzo hadi mwisho. Humgeuza ubavu, humwambia avute pumzi ili ini lishuke kutoka chini ya mbavu. Akiona kitu cheupe ndani ya kifuko cha nyongo hatosheki: anatafuta kivuli cheusi nyuma yake, kisha anamgeuza mgonjwa kuona kama kitu kile kinabingirika. Jiwe hutupa kivuli na huhama. Kinachong'ang'ania ukutani bila kivuli huenda ni kinyama, na matibabu yake ni mengine. Kila kiungo kipigwe kwa urefu na kwa upana, vipimo viwekwe juu ya picha. Figo ya mtu mzima, kwa mfano, huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12. Na penye gesi ya utumbo iliyoficha kongosho, mpimaji mwaminifu huandika kwamba kongosho halikuonekana. Ukiona ripoti ambayo kila kiungo ni "kawaida" na hakuna hata kimoja kilichojificha, hasa kwa mgonjwa mnene, jiulize iliandikwa kabla au baada ya kupima.

CT ilianza kichwani. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, alimpima mgonjwa wa kwanza mjini London Oktoba 1, 1971, na mwaka 1979 akagawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Hounsfield aliacha kipimo chenye jina lake: maji ni 0, hewa ni -1000, mafuta ni kama -100, na mfupa mgumu hupanda hadi 1000 na zaidi. Hapa ndipo CT inapowaacha wenzake, kwani kila kitone cha picha ni tarakimu. Uvimbe wa figo wenye 5 ni maji. Wenye -60 una mafuta. Macho hayawezi kuona ngazi zote hizo kwa pamoja, kwa hiyo msomaji hubadilisha "dirisha": moja la mapafu, jingine la nyama, jingine la mifupa. Kifua kilichosomwa kwa dirisha moja kimesomwa nusu.

Kwa saratani inayohofiwa kusambaa, huagizwa CT moja ya kifua, tumbo na nyonga, kuanzia juu ya vilele vya mapafu hadi chini ya mfupa wa kinena, na mashine za sasa huimaliza ndani ya pumzi moja au mbili. Ubora wake umo kwenye saa. Dawa yenye iodini ikishaingia mshipani, mishipa mikuu hung'aa baada ya sekunde 25 hadi 35, na ini hufikia kilele kwenye sekunde kama 70. Aliyepigwa mapema mno, bandama yake ina mistari kama ya pundamilia, jambo la kawaida kabisa ambalo limewahi kuwatisha madaktari wapya. Tazama pia mikono: iwe juu ya kichwa, maana ikilala ubavuni huchora michirizi kukata ini. Lakini kwa jiwe la figo dawa haitakiwi. Jiwe jeupe ndani ya mkojo uliong'arishwa hupotea. Anayedai kila CT ipigwe "na dawa" ili iwe kamili hajui anachokidai.

Gharama yake nyingine, mionzi, haimo kwenye risiti. Eksirei ya kifua hutoa takribani milisiverti 0.02 hadi 0.1, ilhali CT ya tumbo na nyonga hutoa kama 8 hadi 10, na binadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani. Kwa kijana mwenye maumivu ya kidole tumbo, altrasaundi itangulie.

MRI haina mionzi, na picha yake ya kwanza ya kiwiliwili ilikuwa, kwa kejeli ya historia, ya kifua: Raymond Damadian na wenzake waliipiga Julai 3, 1977, kwa karibu saa tano. Kejeli, kwa sababu mapafu ndiyo mahali inapopwaya. MRI hutumia sumaku kusikiliza haidrojeni ya maji na mafuta, na mapafu ni hewa tupu yanayotikisika kila pumzi. Nyonga ndiyo nyumbani kwake. Kizazi kwenye CT ni bonge la kijivu. Kwenye MRI tabaka zake zinahesabika, na unaona kama saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, imevuka ukuta au bado. Hatua za ugonjwa huo ziliamuliwa zaidi kwa mkono wa daktari hadi mwaka 2018, mwongozo wa kimataifa ulipoziruhusu picha zitumike kupanga hatua.

Picha nzuri ya MRI ya nyonga ina vipande vyembamba, kama milimita 3, vilivyokatwa kufuata mlalo wa kiungo chenyewe, si wa kitanda. Mara nyingi mgonjwa huchomwa dawa ya kutuliza utumbo, kwani utumbo unaocheza hufuta kingo. Wengi huulizia nguvu ya sumaku, na tesla 3 huonekana lazima ishinde tesla 1.5. Kwa tumbo lililojaa maji, sumaku ya tesla 3 mara nyingi huacha giza katikati ya picha, na mashine ndogo ikawa na majibu zaidi.

Baada ya yote, mgonjwa hutoka na filamu kubwa chini ya kwapa, wengine huipiga picha kwa simu na kumtumia ndugu daktari aliye mbali. Filamu ya CT hubeba visanduku vichache vilivyochaguliwa na mtu mwingine, kwa dirisha lililogandishwa. CD ndiyo ya kudai: imebeba vipande vyote, pengine zaidi ya elfu, na msomaji wa pili anaweza kubadilisha dirisha na kupima upya. Picha za zamani pia zisitupwe. Kidoa cha milimita 7 kwenye pafu ambacho miaka miwili iliyopita kilikuwa na 7 kwa kawaida huachwa. Kile kilichokuwa na 3 hutafutiwa sindano ya kuchukua sampuli.