Mkanda wa Taimingi: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Mkanda wa taimingi hulinganisha mzunguko wa krenkshafti na wa kemshafti, ili vali zifunguke na kufunga kwa zamu yake bila kukutana na pistoni. Katika jipu za Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zinazobeba dawa, wagonjwa na watumishi kati ya Kindu na Kailo, mkoani Maniema, Kongo, mkanda ukikatika vali hugongwa na pistoni, na gari hulala porini mpaka litakapovutwa na silinda hedi kufunguliwa. Kazi yenye uzito huu haistahili sifa rahisi inazopewa. Fundi anayesifiwa ni yule aliyemaliza kabla ya chakula cha mchana na ambaye injini yake iliwaka mara ya kwanza ufunguo ulipozungushwa. Kuwaka hakuthibitishi chochote. Injini iliyovalishwa mkanda mpya juu ya rola iliyokwisha huwaka vilevile, hunguruma vilevile, huvuka mto Lualaba kwa kivuko mpaka Alunguli na kushika njia ya Kailo. Mkanda hukatika baada ya miezi, fundi akiwa ameshalipwa na dereva akiilaumu barabara.

Mkanda wa meno si kitu cha kale. Gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa nao lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani, mwaka 1962. Fiat ikafuata mwaka 1966 kwa injini iliyobuniwa na Aurelio Lampredi. Kabla ya hapo kazi hiyo ilifanywa na minyororo au gia. Land Cruiser za injini ya 2H zilikuwa za gia, na madereva wazee wa Maniema bado wanazisifu kwa sababu hiyo, nao wana haki. Toyota ilipoleta 1HZ mwaka 1990 ilichanganya njia mbili: krenkshafti inazungusha gia, gia zinaendesha pampu ya mazutu na puli ya chini, na kutoka puli hiyo mkanda mfupi unapanda hadi kwenye puli ya kemshafti. Ndiyo maana mkanda wa 1HZ hubadilishwa bila kung'oa puli kubwa ya krenkshafti, tofauti na Hilux za 2L, 3L na 5L ambazo mkanda wake unazunguka mpaka chini kabisa. Wepesi huo umeiharibu kazi. Kila mwenye spana ya 12 siku hizi anajiita fundi wa 1HZ.

Swali la kwanza ni wakati. Kitabu cha Toyota kwa 1HZ za awali kinasema kilomita 100,000, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi huwaka hesabu hiyo inapofika. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inahesabu kilomita tu. Kwenye lami, gari linaloenda wastani wa kilomita 50 kwa saa hufikisha 100,000 baada ya saa 2,000 za injini. Kwenye udongo mwekundu wa Maniema wakati wa mvua, gari hukaa gia ya kwanza na ya pili nusu ya safari, injini inalia huku magurudumu hayaendi, na wastani wa kilomita 15 kwa saa ni bahati. Kwa mwendo huo, saa zilezile 2,000 huisha katika kilomita 30,000. Anayesubiri 100,000 atakuwa ameuzungusha mkanda kwa zaidi ya saa 6,600. Ongeza saa ambazo injini huachwa ikinguruma gari limesimama, kwa ajili ya redio, friji ya chanjo au kuchaji simu za msafara: mita ya kilomita haizijui kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya Kindu ni kilomita 60,000 au miaka minne, lolote litakalotangulia, na kwa gari lisilotoka njia za Kailo, Kalima na Punia ni 40,000. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika hubadilishwa mkanda wiki ileile, hata kama muuzaji ameapa. Hilo halina mjadala, kwa kuwa taa ya T-BELT huzimwa kwa kuhamisha skrubu ndogo au kubonyeza kiswichi kwenye dashibodi, na wako wanaozima taa na kuandika kwenye risiti kwamba mkanda umebadilishwa. Udanganyifu mwingine ni kuosha mkanda wa zamani kwa sabuni, kuukausha na kuurudisha, kisha kumwonyesha mwenye gari mkanda mbovu uliookotwa gerejini kana kwamba ndio uliotoka kwake. Dawa yake ni ndogo: mwenye gari auwekee mkanda wake alama ya rangi kabla kazi haijaanza, na adai alama hiyo mwishoni.

Kuutazama mkanda kwa macho kuna faida ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka migongoni, na fundi aliweza kuhesabu nyufa. Mipira ya siku hizi huvumilia joto zaidi na mara nyingi haipasuki. Nyuzi za fibaglasi zilizo ndani ndizo huchoka, na nyuzi hazionekani. Mgongo unaong'aa, meno yaliyolika pembeni na nyuzi zilizochomoza ukingoni ni dalili kwamba muda ulikwishapita zamani. Mkanda uliolowa mafuta hauna haja ya kuchunguzwa zaidi: unatupwa, na sili iliyovujisha inabadilishwa kwanza. Kuweka mkanda mpya chini ya sili ya kemshafti inayovuja ni wizi, hata kama fundi hakukusudia kuiba.

Nyuzi hizohizo za fibaglasi ndizo zinazohukumu duka. Zikikunjwa kwa pembe kali huvunjika ndani bila alama nje. Mkanda uliotundikwa msumarini juani, uliofungwa kwa kamba kama furushi au uliogeuzwa ndani nje ili mteja ayaone meno, umeshakufa kabla haujanunuliwa. Mkanda mzuri hukaa ndani ya boksi lake, mahali pakavu, umelala katika umbo lake. Vipuri vingi vya Kindu hufika kwa ndege au kwa safari ndefu ya treni na barabara, na boksi zenye jina la Toyota huchapwa na yeyote mwenye mashine. Maandishi ya mkanda halisi yamekaa sawasawa na ncha za meno yake ni safi. Bandia huwa na maandishi yanayofutika kwa kidole na harufu kali ya mpira. Bei ndogo ni ushahidi wa kutosha. Hakuna mkanda halisi unaouzwa kwa bei ya sahani ya samaki na fufu.

Sasa rola. Hapa ndipo fundi wa kweli anapoachana na wengine wote, na hapa ndipo wenye magari hudanganywa huku wakitazama. Rola ni gurudumu dogo lenye beringi ndani, linaloegemea mgongo wa mkanda. Mkanda ukishatolewa, fundi huishika rola na kuizungusha kwa kidole. Ikizunguka kwa urahisi, kama pia, na kuendelea kuzunguka peke yake, fundi asiyejua hutabasamu na kumwita mwenye gari aje aone: bado nzima, inateleza, tusipoteze pesa. Mwenye gari hufurahi. Wote wawili wamesoma dalili kinyume. Beringi iliyofungwa kiwandani hujazwa grisi nzito, na rola mpya inaposukumwa kwa kidole husogea kidogo na kusimama, kimya, kwa uzito. Rola inayozunguka yenyewe imekaukiwa grisi. Gololi zake zinakimbia kwa sababu hakuna kinachozishika, na kitu hichohicho kinachokosekana ndicho kilichokuwa kinazilinda na joto.

Grisi haiishi kwa siku moja. Joto la injini huilainisha, sili za beringi huchoka, vumbi la kiangazi na maji ya matope huingia, na rola hupita hatua tatu ambazo mkono wenye mazoezi huzitofautisha. Kwanza inakuwa nyepesi, bila sauti: hiyo ndiyo hatua inayosifiwa. Kisha, ikiwekwa karibu na sikio na kuzungushwa polepole, hutoa mchakacho mkavu, mwembamba, usiosikika injini ikiwaka. Mwishoni hucheza: ukishika kingo zake kwa vidole viwili na kuitikisa, unasikia mgongano mdogo. Ikifika hapo, rola hukaa upande, mkanda husogea kwenye puli na kusugua ukingo wake, na unga mweusi hukusanyika chini ya kifuniko. Watu huuona unga huo na kuulaumu mkanda. Wananunua mkanda mwingine. Rola ileile inaula na huo.

Mafundi waliolelewa katika warsha za SOMINKI, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1976 na kudumu mpaka miaka ya 1990, na wale wa karakana za reli za Kindu, walifundishwa kusikiliza beringi kwa bisibisi ndefu: ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Walitaka pawe na ukimya gerejini wakati huo, na wanafunzi walinyamaza kweli. Warsha zile zilikuwa na ubao wenye umbo la kila spana lililochorwa ukutani, na kazi haikufungwa mpaka ubao ujae. Leo redio haizimwi. Rola hupimwa kwa macho, na kuna gereji ambamo haipimwi kabisa kwa kuwa mteja hakuinunua. Kanuni ni fupi: mkanda mpya, rola mpya, pamoja, kila mara. Asiyeweza kununua vyote viwili asubiri mpaka aweze, na gari lipumzike.

Tensheni ya 1HZ, kifaa kinachokaza mkanda, ni ya mafuta, na kipimo chake ni cha mikono miwili: ncha yake huelekezwa kwenye ukuta au sakafu ngumu na kusukumwa kwa nguvu. Isipoingia, ni nzima. Ikiingia, hata kidogo, ibadilishwe. Kuirudisha ndani kwa ajili ya kufunga hufanywa kwa jiliwa, polepole, mpaka matundu yalingane na pini ipite. Anayeigonga kwa nyundo aondolewe kwenye gari. Pampu ya maji ya 1HZ haizungushwi na mkanda huu, kwa hiyo fundi anayesema lazima ibadilishwe pamoja nao ama anaifikiria injini nyingine ama anatafuta pesa.

Alama hupangwa kabla ya kufungua: alama ya puli ya krenkshafti kwenye sifuri yake, ya kemshafti kwenye yake, ya puli ya chini kwenye yake. Fundi mzuri huziongezea alama zake za rangi nyeupe. Nyeupe tu, nyekundu hupotea kwenye udongo wa huku. Mkanda unapotoka, springi za vali huweza kuifanya kemshafti iruke kidogo, na fundi asiyelitarajia jambo hilo huvalisha mkanda jino moja pembeni. Injini itawaka. Itakuwa nzito mlimani, itatoa moshi, na mwenye gari ataambiwa kwamba mazutu ya Kindu ni machafu. Mkanda huvalishwa kwa vidole, bila bisibisi, na upande usio na tensheni hunyooshwa kwanza. Pini ya tensheni ikishachomolewa, injini huzungushwa kwa mkono, kwa spana kwenye bolti ya krenkshafti, kwa upande wa saa, mizunguko miwili kamili. Kemshafti huzunguka mara moja kila krenkshafti inapozunguka mara mbili, kwa hiyo alama zote lazima zirudi kukutana. Njiani mkono usikilize: panapokuwa na ukinzani mgumu, wa chuma kwa chuma, fundi husimama na kuanza upya. Wengi huruka hatua hii na kutumia stata badala ya mkono. Stata haina hisia. Hugonga vali na kuendelea.

Kifuniko ndicho hufungwa mwisho, na ndicho mnunuzi anaweza kukihukumu bila kufungua kitu. Kiwe na bolti zake zote, zinazofanana, na gasketi yake ya mpira pande zote. Kwenye njia ambazo gari hukata maji ya vijito na tope hufika juu ya bampa, tundu moja la bolti lililo wazi linatosha kuingiza mchanga unaosaga meno na kuua sili za rola. Kifuniko kilichofungwa kwa waya au kwa bolti mbili kati ya zote kinasema kila kitu kuhusu kilicho ndani yake, na hakuna haja ya kuuliza bei.

Baada ya hapo mwenye gari hukabidhiwa mkanda wa zamani wenye alama yake, pamoja na rola ya zamani, aizungushe mwenyewe. Juu ya kifuniko fundi huandika kwa rangi tarehe, kilomita na jina lake. Gari lisilo na maandishi hayo lihesabiwe kuwa halijabadilishwa mkanda.