Kuta za Kabras na Mizani ya Fani na Maudhui

Tangu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ulipojikita vyuoni katika miaka ya 1970, istilahi mbili, fani na maudhui, zimetumika kama mizani ya kupimia kila kazi ya sanaa. Mizani hiyo imeifaa riwaya, na tamthilia pia. Ikipelekwa Kabras, kaskazini ya mji wa Kakamega, na kuwekwa mbele ya ukuta wa nyumba ya udongo, hushindwa kupima.

Hasa mwezi wa Desemba, kabla jamaa hawajarejea kutoka mijini kwa Krismasi, wanawake huzikandika upya nyumba zao. Udongo huchanganywa na samadi ya ng'ombe, ukasiribwa kwa kiganja. Kisha, kabla haujakauka, vidole hupitishwa kwa mzunguko wa mkono hata zikabaki pinde zinazopandana kama magamba ya samaki. Sehemu ya chini hupakwa ukanda wa udongo wa rangi nyingine. Hakuna mchoro uliotangulia: ukubwa wa upinde hufuata urefu wa mkono wa mwenye kazi.

Mhakiki wa maudhui atauliza ujumbe ni upi. Asipouona, ataiita kazi hiyo pambo, apite. Kasoro imo katika swali lenyewe. Kukandika ni wajibu, kwani mvua za Kabras ni nyingi na ukuta usiotunzwa hubomoka; lakini ukuta laini huikinga nyumba sawasawa na ule wenye pinde. Pinde ni ziada isiyodaiwa na mvua, na sanaa imo katika ziada hiyo. Tena ina wahakiki wake: majirani hupita, husimama, husifu, au hunyamaza, na kunyamaza huko mwenye nyumba hukuelewa vizuri.

Huenda ikadaiwa kwamba kazi isiyodumu zaidi ya misimu michache haihakikiki. Dai hilo lingeshangaza likitoka kwa wasomi wa fasihi simulizi, wanaokubali kwamba ngano hutoweka msimulizi anapofunga kinywa, na kesho husimuliwa kwa namna nyingine. Michoro aliyoitia Elimo Njau katika kanisa la Murang'a, mwishoni mwa miaka ya 1950, imeandikiwa sana. Kazi za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, zilipata jina na soko kutoka Dar es Salaam hadi ng'ambo. Zote zilistahili. Lakini za kwanza zililindwa na kanisa, na za pili zilikuwa juu ya vibao, zikabebeka. Ukuta haubebeki. Yamkini kilichokuwa kikipimwa muda wote huu si ubora, bali wepesi wa kuhifadhi.

Hata hivyo, haifai kazi hii kutukuzwa kupita kiasi na watu wasiochafua mikono. Ni kazi ngumu, haina malipo, na imeachiwa wanawake. Aliyejenga kwa matofali ya kuchoma na saruji, akaepukana nayo, ana haki ya kufurahi. Ila katika maboma mengi ya namna hiyo jiko la nyuma bado ni la udongo, na pinde zimehamia huko, mahali ambapo mgeni aliyekaribishwa sebuleni hafiki.