Kutangua, Kubatilisha na Kuondoa: Neno la Paulo katika Biblia ya Kiswahili

Mathayo 5:17 yamwonyesha Yesu akikana ya kuwa alikuja kuitangua torati. Waefeso 2:15 yasema kwamba Kristo amekwisha kuiondoa sheria ya amri. Mhubiri mmoja hushika hili, mwingine lile. Na yuko asemaye kuwa torati yote imepita, kisha akafungua Malaki ili adai zaka. Swali letu hapa si la mimbari bali ni la lugha: je, Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iitwayo Union Version, yamwezesha msomaji kuliona shauri hili lilivyo?

Neno kutangua wafasiri wamelichagua vema. Kiyunani cha Mathayo ni kataluo, yaani kubomoa kilichojengwa. Ndilo litumikalo tena katika sura ya 24 kwa mawe ya Hekalu. Nasi twatangua ndoa na hukumu, yaani twafungua kilichofungwa. Kinyume chake, kutimiliza, si kuongeza amri, bali ni kukifikisha kitu kwenye mwisho uliokusudiwa.

Shida yaanza kwa Paulo. Katika Warumi 3:31 auliza kama imani yaibatilisha sheria, naye ajibu kwa ukali kuwa sivyo. Katika Waefeso twasoma kuondoa. Msomaji wetu huona maneno mawili akapita bila kushtuka. Kumbe kwa Kiyunani ni neno lile lile, katargeo! Tena wafasiri wameutanguliza uadui uwe ndio ulioondolewa, na sheria ikafuata nyuma kama maelezo. Sarufi yaruhusu hivyo, na wako wataalamu wasemao kuwa Waefeso iliandikwa na mfuasi wa Paulo, wala si Paulo mwenyewe. Lakini kuupatanisha ugomvi kabla msomaji hajausikia si kazi ya mfasiri.

Maana ya katargeo yajulikana kwa mahali pengine. Katika 1 Wakorintho 15:26 mauti ni adui atakayebatilishwa. Katika 2 Timotheo 1:10 yamekwisha kubatilishwa. Na watu wangali wanakufa. Basi neno hili si kufuta, bali ni kunyang'anya nguvu.

Mfano tunao nyumbani. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika liliifuta sheria ya machifu. Huko Mbozi, katika nchi ambayo tangu mwaka 2016 ni Mkoa wa Songwe, mwene wa Wanyiha na wa Wanyamwanga hakuwa tena na mamlaka ya serikali. Hata hivyo ukoo wake haukutoweka, wala heshima haikufutwa kwa sheria ya Bunge. Kilichokoma ni nguvu ya kuamuru.

Ni nguvu gani, basi, iliyonyang'anywa torati? Waefeso yenyewe yajibu katika mstari wa 14: ni ile ya kiambaza kinachotenga watu na watu. Msomaji wa Tunduma hahitaji kuelezwa sana. Wanyamwanga wako upande huu na wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka uliopatanwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890. Lugha ni moja, sheria ni mbili. Sheria ikitumika kama mpaka, Paulo asema imekwisha nguvu. Ikiwa ni wajibu wa mtu kwa jirani yake, Warumi 13:10 yasema kuwa pendo ndilo huitimiliza. Kwa hiyo Mathayo na Paulo hawapingani, lakini msomaji hawezi kulijua hilo mpaka kwanza aone jinsi wanavyoonekana kupingana.

Hukumu yetu ni hii: neno kubatilisha lingaliwekwa mahali pote pawili, ukali wa Paulo ungalibaki. Nao wanafunzi wajuao Kinyiha wana kazi nzuri mbele yao, kulichungua Agano Jipya la mwaka 1913, kazi ya Traugott Bachmann, mmishenari wa Moravian huko Mbozi, waone kama pale neno la Paulo ni moja au ni mawili.