Utamu wa Mwendo wa Polepole

Filamu za zamani za NFL Films, zile za futiboli ya Kimarekani, ni tamu si mchezo. Ed Sabol, aliyerekodi fainali ya 1962 kisha akaijenga kampuni hiyo, alijua kazi. Mpira unazunguka angani polepole, okestra inapanda, na sauti nzito ya John Facenda inamfanya kila mchezaji shujaa wa vita. Ndiyo maana wazee wengi wa Marekani huapa kwamba wanaume waliisha enzi hizo.

Sasa hebu mtazame Mike Webster wa Pittsburgh Steelers, mikono wazi kwenye baridi kali, akigongana vichwa na watu mechi baada ya mechi. Alishinda Super Bowl 4. Alifariki 2002 na miaka 50 tu, akili imevurugika. Aliyeuchunguza ubongo wake na kugundua madhara ni Bennet Omalu, daktari Mnigeria ambaye hata hakujua Webster ni nani.

Hapo ndipo nazilaumu filamu hizi: mwendo wa polepole unaliondolea pigo uzito, tunabaki na urembo. Omalu hakuwa na kumbukumbu tamu za kulinda, kwa hivyo aliangalia kichwa, si kofia.